Chumvi ya Theluji Chini ya Gari: Kuifunika Kutu Si Kuizuia



Kaskazi imeanza kuvuma, na sisi tulioko pwani tumekwisha kuanza kulala madirisha wazi kwa ajili ya joto. Wakati huo huo ndugu zetu walioko Columbus, Minneapolis, Toronto na Leicester wanatoa makoti mazito makabatini. Ni nadra siku hizi kupata ukoo usio na mtu katika miji ya namna hiyo: mtoto aliyekwenda kusoma, mjomba aliyehamia na familia yake, binti aliyeolewa huko. Katika sehemu nyingi za Marekani na Kanada hakuna daladala ya kusimamisha kwa mkono. Asiye na gari huchelewa kazini, hukwama kuwapeleka watoto madrasa, na sala ya Ijumaa humpita. Gari kwao si anasa, ni miguu.

Mzee mmoja wa jamaa yetu ametuletea swali ambalo tumeona linafaa kujibiwa hapa, kwa kuwa linawagusa wengi. Mwanawe anaishi katika jimbo la Ohio. Gari lake lina umri wa miaka tisa, injini haina tatizo, na rangi yake bado inang'aa. Mwezi uliopita alilipeleka kubadilishwa oili, na fundi akamwambia kwamba gari hilo halifai tena kubeba familia kwa sababu limeoza chini. Mzee anauliza: gari zima linaozaje? Je, mwanawe hadanganywi ili auziwe jingine?

Jibu letu ni kwamba fundi yule huenda amesema kweli tupu. Katika nchi za theluji gari huanza kufa kutoka chini, mahali ambapo mwenye gari hatazami, na mara nyingi rangi ya juu huwa bado nzuri siku ambayo chuma cha chini kimekwisha kutoboka. Kinga yake ipo, na si ya gharama kubwa ukiilinganisha na bei ya gari. Lakini ni lazima ifanywe mapema, na iwe kinga ya kweli. Kuna kuzuia kutu na kuna kuifunika, na mambo hayo mawili yanafanana kwa macho tu.

Chumvi barabarani

Anayeishi Tanga au Mombasa anaijua chumvi ya baharini, na ameona jinsi inavyokula mabati na nondo za madirisha. Ndugu zetu wa Ohio na Ontario wako mbali kabisa na bahari, lakini gari zao hupata chumvi nyingi kuliko zetu, kwa sababu wanaimwagiwa barabarani kwa makusudi.

Maji safi huganda yanapofika nyuzi sifuri za Selsiasi. Maji yenye chumvi hayagandi upesi hivyo, yanahitaji baridi kali zaidi. Kwa hiyo serikali za miji hiyo hutuma malori usiku kumwaga chumvi ya mawe, ile ile ya jamii ya chumvi ya jikoni, ili barafu iyeyuke na magari yasiteleze. Desturi hii ilienea sana Marekani baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, barabara kuu zilipoongezeka na watu wakataka zipitike mwaka mzima. Chumvi yenyewe huchimbwa chini ya ardhi. Huko Goderich, Ontario, uko mgodi mkubwa wa chumvi uliochimbwa chini ya Ziwa Huron, kwa kina cha zaidi ya mita 500. Chini ya mji wa Detroit uko mwingine. Uingereza nayo hupata chumvi ya barabara zake katika mgodi wa Winsford, Cheshire.

Chumvi hiyo hufanya kazi vizuri mpaka baridi ifikie takriban nyuzi 9 chini ya sifuri. Baridi ikizidi hapo, nguvu yake hupungua, na mamlaka za barabara huchanganya aina nyingine mbili, yaani kloridi ya kalisi na kloridi ya magnesi. Aina hizi zina tabia ya kuvuta unyevu kutoka hewani. Maana yake ni kwamba zikishaganda juu ya chuma hazikauki kwa urahisi. Gari linaweza kuwa limeegeshwa siku tatu, lami ya barabara imekauka na jua limetoka, huku chini ya gari bado kuna tope lenye unyevu wa chumvi. Siku hizi pia hunyunyizwa maji ya chumvi barabarani kabla theluji haijaanguka. Maji hayo hurushwa na matairi na kuingia katika kila upenyo.

Hatuwalaumu wanaomwaga chumvi. Chumvi hiyo inaokoa roho za watu wasiteleze na kugongana. Ila kila nafuu ina deni lake, na deni la chumvi hulipwa na chuma.

Kutu inavyokula

Chuma kinahitaji vitu viwili ili kishike kutu: maji na hewa ya oksijeni. Chumvi si ya lazima, lakini ikiingia hufanya mawili. Huyafanya maji yapitishe umeme mdogo mdogo unaohamisha chembe za chuma, na hivyo kuharakisha kazi. Pia huvunja ule utando mwembamba ambao ungeweza kukilinda chuma kwa muda. Kutu inayotokea huwa nene mara kadhaa kuliko chuma kilicholiwa. Huvimba, hupasua rangi, kisha hubanduka kwa magamba, na chini ya gamba lililobanduka kuna chuma kipya kinachongoja zamu yake. Ndiyo maana kutu haijitoshelezi. Haikomi yenyewe mpaka chuma kiishe, au mpaka mtu aikatie maji na hewa.

Watengenezaji wa magari wanalijua hili. Tangu miaka ya 1980 wengi wao wamekuwa wakitumia zaidi chuma kilichopakwa zinki, kama mabati ya paa zetu, kwa kuwa zinki hukubali kuliwa kwanza ili chuma kisalimike. Hatua hiyo imesaidia sana. Lakini zinki nayo huisha, na si kila kipande cha chini kimepakwa. Mawe madogo yanayorushwa na matairi hukwaruza, na palipokwaruzwa ndipo mlango.

Sehemu zinazoshambuliwa zaidi ni hizi: chasisi yenyewe na mihimili inayobeba injini, ukingo wa chini ya milango, matao ya matairi, springi na mahali shokapu zinaposhikwa, bomba la moshi, na mabomba membamba yanayopeleka mafuta ya breki na petroli. Katika hizo, la kutisha kupita yote ni bomba la breki. Unene wake haupiti kalamu, na limepita chini ya gari kutoka mbele hadi nyuma. Likiliwa na kutu hushikilia kwa muda, kisha hupasuka siku dereva anapokanyaga breki kwa nguvu zote, yaani siku ile ile anayozihitaji zaidi.

Hili si jambo la kukisia. Mwezi wa Aprili 2015 mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, ilitoa tahadhari kwa wenye magari ya mwaka 2007 na ya kabla ya hapo katika majimbo ya baridi, kwamba wakague mabomba ya breki kwa ajili ya kutu ya chumvi. Ushauri wake ulikuwa mwepesi: kuosha uvungu wa gari mara kwa mara wakati wa baridi, na kuuosha kwa ukamilifu baridi inapokwisha. Mwaka 2016 kampuni ya Toyota, bila kukiri kosa, ilikubali kumaliza kesi ya wamiliki wa Marekani waliolalamikia chasisi zilizoliwa na kutu katika magari ya Tacoma, Tundra na Sequoia. Suluhu hiyo iligusa magari takriban milioni 1.5, na ilihusu kuyakagua na kubadilisha chasisi zilizooza kupita kiasi. Ikiwa gari lenye sifa ya uimara duniani kote limefikwa na hayo, basi mwana wa mzee wetu asione ajabu.

Kabla ya baridi

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Ufa wa gari huzibwa kabla theluji ya kwanza haijaanguka, na katika majimbo hayo maana yake ni kati ya Septemba na mapema Novemba. Aliyechelewa mwaka huu bado anaweza kufanya wakati wowote ambapo chuma kitaoshwa na kukauka kabisa, ila awahi.

Kazi ya kwanza ni kuosha uvungu kwa mashine ya maji ya kasi na kuondoa tope lote, hasa lililojificha juu ya matao ya matairi. Kazi ya pili ni kuuacha ukauke, siku nzima au mbili. Kazi ya tatu ni kutazama. Kutu nyepesi ya juu juu husuguliwa kwa brashi ya waya na msasa, kisha hupakwa dawa ya kuigeuza kutu na rangi ya kuzuia. Kutu iliyovimba hupigwa polepole kwa nyundo ndogo au kuchokonolewa kwa bisibisi. Chuma kizima hulia mlio mkali. Kilichooza hutoa sauti ya kufa, na wakati mwingine bisibisi hupenya. Hapo si mahali pa rangi tena, ni mahali pa fundi wa kuchomelea.

Baada ya hapo ndipo hupakwa kinga, nayo ni ya aina tatu.

Aina ya kwanza ni mafuta mepesi yanayopuliziwa kila mwaka. Hii ndiyo desturi iliyozoeleka sana Kanada. Mafuta hayo hutambaa yenyewe hadi ndani ya mikunjo na maungio, na hukifuata chuma hata mahali mkono haufiki. Kasoro yake ni kwamba huoshwa na barabara, hivyo ni lazima yarudiwe kila mwaka, na hudondoka siku moja au mbili baada ya kupuliziwa. Ndugu yetu aliyetoka kupaka asiegeshe gari mbele ya mlango wa jirani wala katika uwanja wa msikiti siku hizo. Jirani ana haki yake.

Aina ya pili ni mafuta mazito ya lanolini, yaani mafuta yanayopatikana katika manyoya ya kondoo, ambayo Mwenyezi Mungu amemjaalia mnyama huyo ili mvua isimfikie mwilini. Hushika zaidi kuliko mafuta mepesi na hayakauki upesi. Katika jamii hii zimo pia nta zinazopuliziwa ndani ya mihimili yenye uwazi.

Aina ya tatu ni lami au rangi nzito ya mpira inayokauka na kuwa ngozi ngumu. Juu ya chuma kipya na safi, ikipakwa na fundi stadi, ina manufaa yake, hasa dhidi ya mawe. Juu ya chuma chenye kutu ina madhara, kama tutakavyoeleza.

Anayefanya mwenyewe nyumbani ashike mambo mawili. La kwanza, asiingie kabisa chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Jeki ni ya kuinulia, si ya kushikilia. Aweke stendi za chuma, azuie matairi, na asifanye kazi hiyo peke yake nyumbani. La pili, mafuta yasiguse diski wala pedi za breki, mikanda ya injini, wala bomba la moshi. Breki iliyolainishwa haishiki, na mafuta yaliyomwagika juu ya bomba lenye moto hutoa moshi na yanaweza kuwaka. Asiyejiamini aende kwa fundi, na aombe kuoneshwa kazi gari likiwa bado limeinuliwa.

Katikati ya baridi

Kinga ya kupaka haiondoi wajibu wa kuosha. Chumvi isiyokaa juu ya chuma haina la kufanya. Kanuni iliyo nyepesi kukumbuka ni kuosha uvungu kila baada ya wiki moja au mbili, na hasa baada ya malori ya chumvi kupita na barabara kuanza kukauka. Vituo vingi vya kuoshea magari huko vina maji yanayorushwa kutoka chini, na dereva aulize kabla ya kulipa kama huduma hiyo imo, na kama maji ni mapya. Baadhi ya vituo huyarudia maji yaliyokwisha kutumika, na maji ya namna hiyo huweza kuirudisha chumvi mahali pale pale ilipotoka. Achague siku ambayo baridi imepanda juu ya sifuri, kisha akaushe mipira ya milango kwa kitambaa, la sivyo asubuhi ataikuta milango imegandamana.

Lipo jambo ambalo wengi hulidhania kinyume. Mtu mwenye banda la gari lenye joto huona amelihurumia gari lake kwa kuliingiza humo likiwa limejaa theluji na chumvi. Kutu hufanya kazi polepole katika baridi kali na kwa kasi katika joto. Theluji ikiyeyuka ndani ya banda, chumvi huamka, na gari hulala usiku kucha katika maji ya chumvi yenye uvuguvugu. Aliye na banda la joto na aoshe kwanza ndipo aingize. Asiyeweza kuosha, nje kwenye baridi ni afadhali kwa chuma.

Ndani ya gari pia pana kazi, na hii tunawaachia hata watoto. Viatu huingiza theluji yenye chumvi, huyeyuka, maji hupenya chini ya zulia, na sakafu ya gari huanza kuliwa kutoka juu. Mikeka ya mpira yenye kingo zilizoinuka huyazuia maji hayo, mradi imwagwe mara kwa mara. Chini ya kila mlango kuna matundu madogo ya kutolea maji. Majani na tope huyaziba, na mlango hugeuka kuwa ndoo. Kijiti kidogo kinatosha kuyazibua.

Baridi inapokwisha, mwezi wa Aprili hivi, gari lioshwe chini kwa ukamilifu kuliko siku zote, kwa kuwa chumvi iliyobaki sasa inapata joto la kufanyia kazi. Na hapo ndipo mahali pa kumwomba fundi akague mabomba ya breki. Yakihitaji kubadilishwa, yapo mabomba ya shaba iliyochanganywa na nikeli ambayo hayashiki kutu kama ya chuma. Dereva asingojee dalili, ingawa ni vyema azijue: breki inayozama chini kuliko kawaida, taa ya breki inayowaka, au unyevu wa mafuta karibu na gurudumu. Akiona moja ya hizo, gari lisiondoke.

Lami juu ya kutu

Tumesema kuna kuzuia na kuna kufunika. Lami nzito ikipakwa juu ya kutu, uvungu mzima huwa mweusi na mzuri, na mwenye gari hurudi nyumbani akiwa ametulia. Lakini ngozi ile ikipata ufa mdogo, maji ya chumvi huingia na hayatoki tena. Kutu hupata kivuli cha kufanyia kazi, na kwa kuwa haionekani, hakuna wa kuisimamisha. Kikulacho ki nguoni mwako. Ndiyo maana mafundi wengi wa nchi za baridi huwashauri wenye magari ya zamani watumie mafuta yanayotambaa badala ya ngozi inayokauka. Chini ya mafuta, fundi bado anaona. Chini ya lami, haoni.

Wapo pia wanaouza vifaa vidogo vya umeme vinavyofungwa kwenye betri kwa ahadi kwamba gari halitashika kutu kamwe. Umeme huilinda meli na bomba lililozikwa ardhini kwa sababu vitu hivyo vimezama katika maji au udongo wenye unyevu unaokamilisha njia ya umeme. Gari limezungukwa na hewa, na njia hiyo haikamiliki. Fedha ya kifaa hicho ingelipa kuosha uvungu baridi nzima.

Magari yanayokuja kwetu

Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa anaweza kusema kwamba theluji haimhusu. Inamhusu siku anaponunua gari lililotumika. Sehemu kubwa ya magari yetu hutoka Japani, na mengine Uingereza. Uingereza barabara humwagiwa chumvi. Japani nako, kisiwa cha Hokkaido na mikoa ya kaskazini kama Aomori na Akita hupata theluji nyingi sana, na barabara zake humwagiwa dawa hizo hizo. Gari likiwa limeishi miaka minane huko kisha likashushwa katika bandari yetu yenye hewa ya chumvi ya bahari, kutu iliyoanza kule haipumziki hapa.

Anayeagiza gari Japani aombe karatasi ya mnada, na asome mchoro wa gari uliomo. Herufi S huashiria kutu, na herufi C huashiria chuma kilicholiwa, na tarakimu inayofuata huonesha kiwango. Asome pia maelezo ya ukaguzi kuhusu uvungu, na aulize gari lilisajiliwa mkoa gani. Kwa gari la Uingereza, aombe kumbukumbu za ukaguzi wa kila mwaka uitwao MOT, unaoanza gari linapotimiza miaka mitatu. Ukaguzi huo hulikataa gari lenye kutu nzito ndani ya sentimita 30 za mahali panaposhikilia springi, usukani, breki au mikanda ya viti. Maonyo ya kutu ya miaka iliyotangulia huandikwa humo.

Kamati yetu ya msikiti ilikuwa ikitafuta gari la kubebea maiti na kupeleka wagonjwa hospitali. Tulioneshwa moja lililokuwa safi, viti vipya, bei ya kuvutia, na chini limepakwa rangi nyeusi iliyokuwa bado inanukia. Mmoja wetu, fundi wa kuchomelea, alilala chini na bisibisi, na nyuma ya gurudumu la nyuma bisibisi ikapita. Muuzaji akatueleza kwamba rangi ile ni kinga. Tulimshukuru tukaondoka. Fedha ile ilikuwa sadaka ya watu, na miongoni mwao wamo wanaouza maandazi. Mpaka leo hatujapata gari tunalolitaka, na maiti zetu bado tunazibeba kwa gari la kuazima. Tumeona heri kungoja.

Hapa ndipo suala la chuma linapokuwa suala la dini. Sote tumefundishwa kwamba muuzaji anayejua kasoro ya bidhaa yake analazimika kuibainisha, na mnunuzi aliyefichwa kasoro ana haki ya kurudisha. Kupaka rangi mpya juu ya kutu ili mnunuzi asiione si ufundi. Ni kuficha, na kilichofichwa hapo ni breki na chasisi zitakazobeba watoto wa mtu. Ndugu yetu aliyeko ughaibuni anayetaka kumtumia mzazi wake gari, au kuliuza la kwake anunue jingine, na alipige picha chini kabla ya kulipaka chochote, azitume picha hizo, na aseme ukweli wa yaliyomo. Atakayelinunua kwa bei ya ukweli atakuwa ameridhia.

Kwa mzee wetu

Sasa tumrudie mzee aliyetuuliza. Tunamshauri amwambie mwanawe mambo matatu. Asikubali wala asikatae kwa maneno ya fundi mmoja. Aombe gari liinuliwe, atazame mwenyewe, na apige picha. Kisha alipeleke kwa fundi wa pili asiyeuza magari, na amwulize maswali mawili mahsusi: mabomba ya breki yako katika hali gani, na je, chasisi imetoboka au ina kutu ya juu tu? Kutu ya juu inatibika, na gari linaweza kuishi miaka mingine kwa kuoshwa na kupakwa mafuta. Bomba la breki hubadilishwa. Lakini chasisi ikiwa imetoboka mahali panaposhikilia springi au usukani, basi mzee amruhusu mwanawe aliache gari hilo, hata kama fedha yake inauma na hata kama lilinunuliwa kwa mchango wa ukoo. Gari litapatikana jingine, ama wajukuu hawana badala.

Na atakalolinunua, alipeleke kuoshwa na kupakwa mafuta kabla ya theluji, likiwa bado na chuma cha kulindwa.

Wabillahi Tawfiiq.